Kabla Hujauza Shamba kwa Ajili ya Seli Shina

Neva ya mkono ikikatika, huota tena. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mgonjwa anayeingia chumba chetu cha fiziotherapia mkono ukining'inia, na ndilo jambo ambalo sijalikuta kwenye tangazo hata moja la seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Matangazo huanzia kwingine: neva imekufa, mwili umeshindwa, sisi tunakuletea seli za kuifufua. Ukishakubali hapo, bei haikushtui tena.

Sina ugomvi na seli shina zenyewe. Nimezifuatilia kwa miaka, nasoma kila ninachokipata, na naamini iko siku zitakuwa na kazi yake kwenye upasuaji wa neva. Ila kazi yenyewe ni ndogo na ya adabu kuliko inavyonadiwa, na ina masharti ya muda ambayo hakuna anayeyataja.

Wagonjwa wangu wengi wa namna hii ni vijana wa bodaboda. Mtu akirushwa kwenye pikipiki anatua kwa bega, kichwa kinavutwa upande wa pili, na lile fungu la neva zitokazo shingoni kwenda mkononi linanyooshwa kupita kiasi. Mizizi ya fungu hilo ni mitano, minne ya shingoni na mmoja wa juu kabisa wa kifuani. Ya juu ikiumia, bega halinyanyuki na kiwiko hakikunji, lakini vidole vinacheza vizuri tu. Ndiyo maana wengi huchelewa. Mtulinga ukivunjika unaonekana kwenye picha, unafungwa, unaunga, nyumbani watu wanashukuru Mungu. Mkono kutonyanyuka unaambiwa ni uchungu wa mfupa, utapoa. Kinafuata kipindi cha kuchuliwa kwa mafuta ya nazi. Wakati anafika kwangu, msuli wa mbele wa mkono wa juu umekwisha sinyaa.

Kijana mmoja wa hivyo aliletwa na mama yake kutoka upande wa Muheza. Mama ndiye aliyekuwa na maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa, maana mimi macho yangu haya, na mtoto wa dada yangu amenitumia."

Ilikuwa video, na chini yake maelezo. Sindano za seli shina, kliniki iko nje ya nchi, wakala yuko Dar es Salaam, malipo kwa dola.

"Wanasema mkono unarudi. Mimi nina shamba langu la michungwa. Niliuze?"

Nikavuta kiti. Nilimwambia asubiri kwanza, tuanze na neva yenyewe.

Mwaka 1850 Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura akaangalia kwa hadubini kilichotokea. Upande uliobaki umeungana na mwili wa seli ulidumu. Upande wa mbele, uliotengwa, ulivunjikavunjika na kutoweka. Hadi leo kuoza huko kunaitwa kwa jina lake. Wengi wakisikia habari hii huona ni msiba, kumbe ni usafi unaofanywa kwa makusudi. Uzi wa neva, yaani aksoni, umezungukwa na seli za Schwann, zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann. Siku za kawaida kazi yake ni kuufunika uzi kwa utando wa mafuta ili ujumbe upite upesi. Uzi ukikatika, seli hizi zinaiacha kazi hiyo, zinavua utando, zinaanza kuzaliana, zinaita seli za ulinzi zije kuzoa takataka, kisha zinajipanga mstari mmoja mmoja ndani ya mrija ule ule wa zamani. Aksoni mpya inayochipua kutoka juu inaufuata mstari huo jinsi mche wa pesheni unavyofuata waya uliotandikiwa. Bila mstari huo, machipukizi yanajikunja pale pale na kufanya fundo lenye maumivu.

Seli ya Schwann, kwa hiyo, ni seli iliyokomaa ambayo ina ruhusa ya kurudi nyuma na kubadili kazi. Mwilini mwa mtu mzima seli za namna hiyo ni chache. Ubongo na uti wa mgongo hazina. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakitumia kama daraja kwenye mfumo wake mkuu wa fahamu, na nyuzi za uti wa mgongo, ambazo siku zote zilidhaniwa haziwezi kuota, zikaota ndani ya daraja hilo umbali wa sentimita kadhaa. Zilipofika mwisho wake na kuingia tena kwenye uti, zikasimama. Uwezo wa kuota zilikuwa nao. Zilikosa mazingira.

Natumia muda mwingi hapa kwa sababu ndipo penye jibu la mama yule. Ikiwa neva ya mkono inajiotea, na ina wasaidizi wake, seli shina zinakwenda kufanya nini?

Zinakwenda kupambana na muda. Aksoni hukua wastani wa milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu hivi kwa mwezi. Mimi huifuata kwa kidole. Mwaka 1915 Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann, kila mmoja kwa upande wake katikati ya vita, walieleza kwamba ukigonga juu ya ncha ya neva inayoota, mgonjwa anasikia mchomo wa umeme. Basi namlaza kijana, naanza kugonga taratibu kutoka kiwiko kupanda juu. Kimya, kimya, halafu anaruka: "Hapo! Umefika vidoleni!" Natia alama ya kalamu, napima kutoka ncha ya bega, naandika kwenye faili. Akirudi mwezi unaofuata tunagonga tena. Alama ikishuka, kuna kitu kinatembea humo ndani. Ikiganda mahali pamoja miezi miwili mitatu, napiga simu kwa daktari wa upasuaji.

Sasa piga hesabu. Kutoka shingoni hadi kwenye misuli midogo ya kiganja cha mtu mzima ni sentimita sabini na ushei. Kwa mwendo ule, ni miaka miwili. Lakini msuli usiopata neva hausubiri miaka miwili. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu nyama yake inageuka kuwa nyuzi za kovu na mafuta, na neva ikifika inakuta hakuna wa kumpa ujumbe. Wakati huo huo, zile seli za Schwann zilizojipanga nazo zinachoka. Kristjan Jessen na Rhona Mirsky wa London, pamoja na wenzao, wameonyesha kwamba kinachozigeuza kuwa seli za ukarabati ni protini iitwayo c-Jun, na kwamba seli zikikaa miezi mingi bila aksoni, c-Jun inashuka, seli zinapungua na mstari unavunjika. Walipoirudisha juu kwa panya, neva ziliota vizuri tena, hata kwa wale wazee. Mimi hii naiona ni habari kubwa kuliko video yoyote niliyowahi kutumiwa, na haina seli shina hata moja ndani yake.

Mahali ambapo seli shina zinaingia kwa haki ni pale penye pengo. Neva ikichanika vibaya, ncha mbili haziwezi kuunganishwa bila kuvutana. Daktari huchukua neva nyembamba ya nyuma ya mguu, inayoleta hisia upande wa nje wa unyayo, anaikata vipande na kujazia. Mgonjwa anabaki na ganzi sehemu hiyo ya mguu maisha yake yote, na neva ya kukopa haitoshi kila mahali. Kwa mapengo mafupi, hadi kama sentimita tatu, ipo mirija ya kutengenezwa, mingi ya protini iitwayo kolajeni. Kwa mapengo marefu mrija mtupu haufui dafu, maana hauna seli za Schwann ndani.

Basi watu wakafikiri: tuujaze. Seli za Schwann zenyewe kuzipata ni lazima ukate neva yenye afya ya mtu, uzikuze maabara kwa wiki kadhaa, na hazizaliani upesi. Mwaka 2001 Mari Dezawa na wenzake wa Japani walichukua seli za uloto wa ndani ya mifupa ya panya wakazielekeza kwa viasili fulani hadi zikafanana na seli za Schwann. Mwaka huo huo Patricia Zuk na wenzake Marekani walionyesha kwamba mafuta ya chini ya ngozi, yale ambayo wengine hulipa yafyonzwe na kutupwa, yana seli zinazoweza kugeuka kuwa aina kadhaa. Kufikia 2007 mafuta nayo yalikuwa yametoa seli zinazofanana na za Schwann. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Kyoto alikwisha onyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa uchangani kwa kuwashiwa jeni nne tu. Mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na 2012 akapata Nobeli pamoja na John Gurdon. Malighafi ikawa haina mwisho.

Na kwa panya inafanya kazi. Hilo nalisema bila kubana midomo. Mrija wenye seli hushinda mrija mtupu katika majaribio mengi mno. Tatizo ni panya mwenyewe. Pengo linalojaribiwa mara nyingi ni sentimita moja, neva zake hukua kasi kuliko zetu, na kutoka kwenye jeraha hadi unyayoni ni mwendo wa wiki chache. Msuli wake haujapata nafasi ya kufa. Kijana wa bodaboda ana pengo la sentimita saba, kumi, na safari ya mwaka.

Jambo la pili, ambalo lilinichukua muda kulizoea, ni kwamba seli nyingi zinazopandikizwa hazikai. Ndani ya siku au wiki chache nyingi zimekufa au zimetoweka, na bado neva inaendelea vizuri kuliko ya panya ambaye hakupewa. Maana yake seli hizo hazikugeuka kuwa neva. Zilifika, zikamwaga viasili vya ukuaji, zikatuliza uvimbe, zikavuta mishipa ya damu, zikaondoka. Arnold Caplan, Mmarekani aliyezipa seli za namna hii, zitokazo kwenye uloto na mafuta, jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, mwenyewe aliandika mwaka 2017 akitaka jina hilo libadilishwe, kwa sababu neno "shina" linawadanganya watu kuhusu kazi yake. Aliyebatiza ndiye aliyeomba ubatizo ufutwe. Wenye kliniki hawakumsikia.

Nilipofika hapo mama akaniuliza swali ambalo, kusema kweli, ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wasomi: "Mbona Dodoma wanawawekea watoto wa selimundu, na redio imetangaza?"

Ni kweli. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikiza watoto wenye selimundu. Hizo ni seli shina, tena za uhakika, na tiba hiyo ina historia ya miongo mingi duniani. Lakini damu ni kiungo cha ajabu. Seli zake hazina mahali pa kudumu. Unazitia kwenye mshipa, zinatembea, zinapata njia ya kurudi ndani ya mifupa, zinaanza kuzalisha. Hazihitaji kufika kwenye msuli fulani, kwa uzi fulani, zikipita mrija fulani. Seli za mafuta zikichomwa kwenye mshipa wa damu ili zitibu mkono, nyingi zinanasa kwanza kwenye mapafu. Mama alitikisa kichwa akasema, "Kwa hiyo zinapotea njia." Nikasema ndiyo, na hazina wa kumuuliza.

Kupotea siyo ubaya pekee. Mwaka 2009 madaktari wa Israel waliandika kuhusu mvulana mwenye ugonjwa wa kurithi wa ubongo aliyepelekwa Moscow kupandikizwa seli shina za neva za vijusi. Miaka michache baadaye alikutwa na uvimbe kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha kwamba uvimbe huo haukutokana na seli zake mwenyewe bali za waliotoa. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya wanawake watatu wa Florida, Marekani, waliochomwa machoni seli zilizotokana na mafuta yao wenyewe kwa ajili ya kutibu macho yanayofifia. Wote watatu waliathirika vibaya, mpaka upofu. Kwa hiyo ile kauli ya "ni seli zako mwenyewe, hazina madhara" nikiisikia huwa natazama pembeni.

Kwa upande wa binadamu, jaribio ambalo mimi nalipa uzito ni la Miami. Timu ya Allan Levi iliandika kuanzia mwaka 2016 kuhusu wagonjwa wawili waliokatika neva kubwa ya paja, ambao walipandikiziwa neva ya kukopa, kisha pandikizi likazungushiwa seli za Schwann za mgonjwa mwenyewe zilizokuzwa maabara. Hawakupata madhara, na kazi ya mguu ilirudi kwa kiasi. Ni wagonjwa wa kuhesabu kwa vidole na hakuna wa kulinganishwa nao, kwa hiyo usalama umeonekana, faida bado. Waandishi wenyewe ni waangalifu kwa maneno. Na tena, hizo hazikuwa seli shina.

Kuna habari nyingine ninayopenda kuwasimulia wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi, maana inahusu ugonjwa tunaoujua. Ukoma bado upo ukanda wetu huu. Mgonjwa akija namshika nyuma ya kiwiko, kwenye mfereji wa neva inayokwenda kidole kidogo, na pengine naikuta nene na ngumu, inateleza chini ya kidole. Halafu namwambia afumbe macho, naugusa mkono wake kwa ncha ya kalamu ya wino, yeye aoneshe nimegusa wapi. Asipoonesha, tumechelewa kidogo. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na Gerhard Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda kuishi ndani ya seli za Schwann, hasa mahali ambapo neva ipo karibu na ngozi na pana ubaridi. Mwaka 2013 Anura Rambukkana na wenzake wa Edinburgh walionyesha, kwa seli za panya, kwamba bakteria huyo akikaa ndani ya seli ya Schwann kwa muda anaizima isijitambue, anairudisha nyuma hadi hali ya seli shina, na seli hiyo iliyopotoshwa inaweza kugeuka kuwa msuli au mfupa na kumsafirisha bakteria aliyemo. Yamanaka alihitaji jeni nne na maabara. Mdudu anafanya kimya kimya kwenye kiwiko cha mvuvi. Dawa zake, rifampisini na wenzake wawili, ni za bure, na ukiwahi na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, wakati neva imevimba unaokoa hisia za mkono. Hapo nako, saa ndiyo inayoamua.

Turudi kwa kijana. Shamba halikuuzwa. Mama aliuza machungwa ya msimu ule yakiwa bado mtini, kwa bei ya hasara kidogo, akapata nauli na gharama za kwenda hospitali ya rufaa kabla miezi sita haijapita tangu ajali. Kule alifanyiwa upasuaji ulioelezwa na Mfaransa Christophe Oberlin mwaka 1994. Daktari anachukua fungu dogo moja tu kutoka neva isiyoumia inayokwenda mkononi, ile ile ya nyuma ya kiwiko, na kuliunganisha na tawi la neva ya msuli unaokunja kiwiko. Mkono haupungukiwi na kitu cha maana. Mshono unakaa sentimita chache tu kutoka kwenye msuli, kwa hiyo ile safari ya mwaka inakuwa ya miezi michache. Hakuna seli iliyokuzwa popote. Kilichofanyika ni kufupisha njia.

Mazoezi yake ndiyo yananifurahisha kuliko yote. Fungu lile lilizoea kukunja kifundo cha mkono, na ubongo haujui kwamba limehamishwa. Kwa hiyo mwanzoni namwambia: "Usifikirie kiwiko kabisa. Kunja kifundo, kaza ngumi." Anakaza, na msuli uliokuwa umelala unajikunja chini ya vidole vyangu, yeye akiutazama kwa mashaka. Wiki za mwanzo hawezi kuinua kikombe bila kukikaba. Baadaye, kwa kurudiarudia, ubongo unatenganisha mambo hayo mawili, na siku moja anajikuna pua bila kukunja ngumi, wala hana habari kwamba amefanya jambo. Bega bado ni dhaifu. Pikipiki kampa mdogo wake.

Wakala yule wa Dar es Salaam nami nilimtafuta, kwa namba iliyokuwa kwenye video. Nilimwandikia kwa heshima: seli zinatoka wapi, ni za nani, zinachomwa kwenye damu au zinawekwa kwenye neva kwa upasuaji, jaribio limesajiliwa wapi, nani alipima nguvu ya misuli kabla na baada, na kwa kipimo gani, na kama ni utafiti, kwa nini mgonjwa ndiye anayelipa. Nikamweleza pia mgonjwa mwenyewe ana miezi mingapi tangu aumie, nikitegemea kwamba angalau hilo litamshughulisha.

Alijibu jioni ile ile. Kuna punguzo, mwisho Ijumaa.